Waranti haifi kwa kuhama mtaa

UKITAKA kujua kama mtoto wa mjini ni mjanja kweli au ni mjanja wa mdomo tu, mwambie hivi: "Mshikaji, nasikia una waranti." Basi, umemaliza! Yule aliyekuwa anatamba kijiweni asubuhi, jioni kishahamia kwa shangazi yake Kongowe, simu kaizima, na ukimuulizia nyumbani unaambiwa kasafiri.

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba tuweke pembeni mambo ya mapenzi na mitindo. Haya ya waranti yameingia ndani ya ukoo wetu, nimeyaona kwa macho yangu, na najua wapo wengi humu mjini wanaolala nguo mkononi kwa sababu hiyo hiyo.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni kinyozi. Nyumbani tunamwita Dogo, na hapa tumwite hivyo hivyo. Alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba moja ya uswahilini, wapangaji sita, mita moja ya LUKU. Mnajua wenyewe kasheshe ya mita moja! Siku moja umeme ukakatika, Dogo na mpangaji mwenzake wakaanza kuulizana nani hajachangia. Maneno yakawa mengi, wakashikana mashati, majirani wakaamua, kila mtu akaenda kulala. Baada ya wiki chache Dogo akahama zake, akijua yamekwisha.

Kumbe mwenzake hayakumwisha. Alienda Mahakama ya Mwanzo akafungua shauri la shambulio la kawaida na lugha ya matusi. Vijana wengi hatujui kwamba kwa makosa madogo kama hayo mtu anaweza kulalamika moja kwa moja Mahakama ya Mwanzo, bila hata kupita kituo cha polisi. Wewe unasubiri kuitwa kituoni, mwenzako kishakuandikia faili.

Miezi miwili ikapita. Siku hiyo Dogo yuko saluni anamnyoa mtu, akaja kijana wa ule mtaa wa zamani. "We Dogo, askari walikuja kukuulizia. Una waranti." Jamani, nasikia yule mteja aliachwa na kichwa nusu! Dogo alisema anakwenda kuchenji hela, akapotelea huko huko.

Wiki mbili hakulala sehemu moja. Mwenye saluni akampa kiti chake mtu mwingine. Mama mdogo, ambaye ana presha, kila mlango ukigongwa anashika kifua. Na kama ilivyo kawaida ya mji huu, penye hofu hapakosi mfanyabiashara. Akatokea jamaa mmoja kavaa shati jeupe, anajiita mtu wa mahakama, akasema kwa laki tatu "analipoteza faili" na habari inakuwa imekwisha. Nilipopita nyumbani kumsalimia mama mdogo nikamkuta anahesabu hela za upatu.

"Mama, umeiona hiyo waranti?" nikamuuliza.

"Sijaiona mwanangu. Lakini yeye kasema ipo."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nyumba nzima inaumwa kwa kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekiona. Nikamwomba azirudishe hela chini ya godoro, anipe siku mbili.

Wenzetu wa Marekani, ofisi nyingi za masherifu huweka hadharani orodha ya watu wenye waranti. Unatafuta jina lako hata kwenye simu. Huku kwetu usisubiri kuliona jina lako limebandikwa ukutani. Njia yetu ni dirisha la karani wa mahakama. Watu walinitisha: ukienda kuulizia, utawekwa ndani wewe! Nilijiuliza, kwa kosa gani? Kuuliza si jinai.

Siku ya kwanza niliambiwa faili liko kwa hakimu, njoo kesho. Kesho yake nikarudi mapema. Karani, mama mmoja wa makamo, akaniuliza maswali manne: jina kamili la mshitakiwa pamoja na la baba yake, mtaa aliokuwa anaishi, jina la mlalamikaji, na mwezi ambao ugomvi ulitokea. Akafungua rejesta ya kesi za jinai, akashuka na kidole, akasimama. Lilikuwepo.

Hilo la majina matatu si utani. Mji huu wenye jina kama lako ni wengi mno, na mtu anaweza kuhama nyumba kwa waranti ya mwingine. Hakikisha jina, mtaa na mlalamikaji vinaoana ndipo uanze kutetemeka.

Karani akanieleza taratibu. Samansi ilitoka, ikaandikwa kwamba imeachwa kwa mpangaji mwenzake. Siku ya kesi Dogo hakutokea. Ikapangwa tarehe nyingine, hakutokea. Hakimu akatoa hati ya kumkamata. Kwa hiyo waranti ilikuwa ya kweli, lakini haikutoka kwa sababu Dogo ni jambazi. Ilitoka kwa sababu mahakama ilimwita na yeye hakuonekana.

Nikamuuliza, je, akikaa kimya mwaka mzima itaisha? Yule mama akacheka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inasema hati ya kukamatwa huendelea kuishi mpaka itekelezwe, au mpaka ifutwe na mahakama iliyoitoa. Mjumbe hawezi kuifuta. Hata mwenye shati jeupe hawezi. Ukihamia Kongowe inakusubiri. Siku unasimamishwa barabarani kwa jambo lingine kabisa, ndipo nayo inatoka mafichoni.

Na tusichanganye mambo. Mtu akikutambia kijiweni kwamba "nimekuchukulia RB", hiyo ni namba ya taarifa aliyoandikisha kituo cha polisi. Ni malalamiko yake, basi. Waranti inatoka kwa hakimu, ina saini yake, muhuri wa mahakama, jina lako na kosa lenyewe kwa kifupi. Askari akija nayo anatakiwa akueleze kilichomo, na ukiomba kuiona akuonyeshe. Iombe kwa adabu, isome, halafu usibishane wala kutimua mbio. Ila ujue kwamba kuna makosa ambayo polisi wanaruhusiwa kukukamata hata bila waranti. Hapo nako una haki ya kuambiwa sababu.

Kazi kubwa ikawa kumleta Dogo mwenyewe. Nilimkuta kakonda, ndevu zimemjaa, kinyozi mzima!

"Kaka, wakinitia ndani je?"

"Wakikukuta wao usiku utaingia ndani kama mkimbizi," nikamwambia. "Ukienda mwenyewe asubuhi utaingia kama mtu aliyeitwa akaja." Alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba wembe.

Tulichagua Jumatatu. Siku za Ijumaa jioni ni mbaya, mahakama inafungwa na wewe unaweza kulala lupango hadi wiki ianze upya. Saa mbili asubuhi tulikuwa pale: Dogo na shati safi, mimi na mjomba wetu mwalimu kama wadhamini, kila mmoja na kitambulisho cha Taifa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Karani akapeleka faili.

Dogo akaingia mbele ya hakimu, magoti yanagongana. Akaeleza kwamba alishahama na ile karatasi hakuipata. Hakimu akamuuliza maswali mawili matatu, akamkaripia kidogo, kisha akaifuta ile hati. Akasomewa shitaka, akakana. Alikaa mahabusu ya pale pale mahakamani kama saa mbili hivi wakati barua zetu zinakaguliwa, halafu akatoka kwa dhamana. Fedha tuliyotumia siku hiyo ni nauli ya daladala na chai. Dhamana haiuzwi, msomaji. Anayekuuzia anakuibia.

Kesi yenyewe ilikwenda tarehe tatu. Mwishoni hakimu aliwaruhusu wapatane. Dogo akalipa mchango wake wa LUKU na kuomba radhi, mlalamikaji akaridhika. Yule wa shati jeupe, tulipompigia kumwambia tumeshafika kwa hakimu, simu yake haikupatikana tena.

Sisemi kila kesi itaisha laini namna hiyo. Kama tuhuma ni nzito, usiende mikono mitupu. Tafuta wakili kwanza, na huna hela usikate tamaa. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na yapo mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kilichoanza mwaka 1995, yanayosaidia wasio na uwezo. Na Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Waranti ni wito wenye meno. Siyo hukumu.

Na ninyi mnaombwa kumdhamini mtu, fikirini kabla ya kusaini. Mtu wako akiingia mitini, mahakama itakugeukia wewe uilipe ile bondi. Mimi nilisaini kwa sababu nilimjua Dogo tangu ananyonya. Mshikaji wa kijiweni uliyemjua juzi, mh!

Kwa hiyo kama una jambo linakukosesha usingizi, usimuulize kijana wa kijiweni. Andika jina lako kamili, la mlalamikaji na mwezi wa ugomvi kwenye karatasi, kamtume ndugu unayemwamini akaulize dirishani kwa karani. Kama hakuna kitu, utalala. Kama kipo, Jumatatu asubuhi chana nywele, vaa shati safi, chukua wadhamini wawili, nenda. Tuonane wiki ijayo panapo majaliwa, na safari ile nitarudi kwenye mapenzi.