Piga Picha Shimo la Sirikwa Kabla Trekta Halijafika

Wasee, chai ya Sotik tumeipiga picha mpaka basi. Lakini ni wangapi wetu wana hata picha moja ya shimo la Sirikwa?

Haya ni mashimo mapana ya duara yaliyo kwenye miteremko ya magharibi mwa Kenya hadi upande wa Nakuru. Mengi yana miaka mia kadhaa. Wazee wa Kalenjin husema ni ya Wasirikwa, waliokaa huku kabla yetu. Wengi hudhani watu walilala ndani. Hapana, lilikuwa zizi la ng'ombe. Nyumba ilijengwa pembeni, mlango ukitazama zizini, na samadi ikasukumwa nje hadi ikawa kilima.

Ukienda Hyrax Hill, Nakuru, alikochimba Mary Leakey mwaka 1937, utayaona yakiwa yamelindwa. Lakini mengine yako kwenye mashamba ya watu, na trekta halijui historia. Likipita misimu kadhaa, shimo linajaa na kusahaulika.

Kule Alaska, bahari inakula kijiji cha kale cha Nunalleq. Tangu 2009, Wayupik wa Quinhagak wamekuwa wakichimba pamoja na wanaakiolojia. Vifaa vimewekwa kwenye makumbusho ya kijiji chao, na hadithi zake zikatengenezewa programu ya kompyuta ambayo wanakijiji wenyewe walisaidia kuibuni. Hapa kwetu, visukuku vya Turkana viko kwenye tovuti ya African Fossils. Unalizungusha fuvu kwa kidole ukiwa kitandani.

Basi sisi je? Simu unayo. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, zunguka shimo ukipiga picha nyingi zinazoingiliana, weka rula ionekane, kisha programu iziunganishe ziwe modeli ya 3D. Usichimbe hata kidogo. Sheria ya 2006 inataka kibali, na ukichimba ovyo unaharibu kile unachotaka kuokoa.

Na usiishie kwa picha. Modeli bila maneno ni bakuli tupu. Mrekodi kogo akieleza hapo paliitwaje na alisikia nini kuhusu waliopaacha, kwa Kipsigis chake, bila kumkatiza. Shimo linaweza kungoja mwezi mmoja trekta lisipokuja. Kogo hana uhakika huo.

Kama kuna shimo kwenu, niambie kwa inbox. Ramani usiweke hadharani, wachimbaji wa usiku nao wako mtandaoni.