Moto ya Kutembea

Msomaji wa pwani akisikia nimenunua moto atadhani nina wazimu. Kwetu Butembo moto ni pikipiki, na tumeipa ngeli yake: moto ya, si moto wa. Nilikwenda kuinunua nikiwa na dola 1,450 ndani ya soksi. Zilikuwa fedha za kakao ya mama.

Mama anakaa Beni. Shamba lake liko upande wa Mbau, kwenye barabara ya Oicha, na tangu mauaji ya mwaka 2014 amekuwa akilivuna kwa kuvizia: wiki mbili anakwenda, miezi mitatu anakaa mjini akisikiliza habari. Mavuno yale aliyaita ya mwisho. Akanitumia zote na neno moja: "Nunua moto, ukuwe unafika nyumbani bila kuomba mutu."

Kwa muuzaji, katikati ya TVS na Boxer zilizopangwa safu, nikaiona Yamaha FJR1300 ya buluu, iliyokwisha kutumiwa ng'ambo. Picha zake nilizitazama tangu nikiwa sekondari. Injini ya sentimita za ujazo 1,298, tangi la lita 25, kioo cha kukinga upepo kinachopanda na kushuka kwa umeme; haina hata mnyororo, mhimili wa chuma ndio unaozungusha gurudumu la nyuma. Ni chombo cha watu wanaoamka Ufaransa na kulala Italia. Nikaiita moto ya kutembea, nikaifurahia tafsiri yangu kama mwanafunzi yeyote wa kitivo hiki. Muuzaji alitaka 2,600. "Inayobaki utalipa polepole," akasema.

Fundi mmoja mzee alikuwa amekaa kando akisafisha kabureta.

"Mwalimu, hii ni ya kutembea ao ya kutumika?"

Katika vitabu vyetu kitu ndicho kinachotumika. Hapa hutumika mtu, yaani hufanya kazi, na moto hutumika pamoja naye. Nikajibu ya kutembea.

"Mpaka wapi?"

"Beni."

"Sasa mvua ikinyesha pale Kabasha, itakubeba ao utaibeba?"

Nilicheka, lakini swali lile halikunitoka. Butembo mpaka Beni ni kilomita 54 hivi, na kila mtu amewahi kuona lori limezama kwenye matope huku motari wa TVS akipita ukingoni, miguu chini, abiria wawili na gunia nyuma. Akianguka, watoto wawili wanamwinua. FJR ina kilo karibu 290, tumbo lake liko karibu na ardhi, na matairi yake yametengenezwa kwa lami. Tena kuna vizuizi, jambo ambalo fundi hakulitaja. Mama alitaka nifike, si nionekane.

Rafiki zangu wanasema nilichagua kwa busara. Si kweli. Nilirudi pale mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimekwisha kupata wa kunikopesha. Nikaomba niisogeze kidogo tu, niisikie mikononi. Ikaniegemea. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, ikaendelea kulala taratibu kama ng'ombe aliyechoka, mpaka kioo cha pembeni kikapasuka juu ya jiwe. Watu wanne waliiinua. Nikalipa dola 40 za kioo, kisha 1,250 za TVS nyekundu, na sikumtazama fundi usoni.

Jumamosi niliyofika Beni, mama alitoka na kitenge kichwani. Aliizunguka mara moja, akabonyeza kiti.

"Hii inatumika," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akaingia ndani. Nilidhani anatafuta chai. Alirudi na panga lililofungwa kwenye gunia tupu, akapanda nyuma, akanishika bega.

"Tuende kwanza Mbau. Saa hizi njia iko muzuri."

"Mama, leo hapana."

Nilizima injini. Hakushuka.