Sauti ya Mtu wa Pili

Wengi wakisikiliza nyimbo za George Mukabi husikiliza gitaa. Mimi husikiliza chupa. Ipo nyuma ya gitaa, inakwaruzwa na kugongwa bila kupumzika, na bila hiyo wimbo ungepoa. Mimi nimeipiga chupa hiyo mitaani Nairobi tangu nikiwa kijana, mjomba wangu akiwa kwenye gitaa. Nimeona jinsi kazi ya mtu wa pili ilivyomegwa kidogo kidogo hadi ikakaribia kuisha.

Mjomba alitoka Khwisero, upande wa Kisa, kwao Mukabi. Mukabi alifariki mwaka 1963, Mjomba akiwa bado mtoto mdogo, lakini mtindo wake wa omutibo ulikuwa umeshaenea kwenye maboma ya pale. Kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinaokota wimbo juu yake, na vyote viwili vinapishana bila kugombana. Wapigaji wa magharibi mwa Kenya walikuwa wamewasikia pia mabingwa wa gitaa wa Katanga, huko Kongo. Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga “Masanga”, na baadaye yeye na Edouard Masengo walifika Nairobi, mmoja akaitangaza dawa ya Aspro kwa gitaa lake, mwingine Coca-Cola. Mjomba aliwaheshimu sana hao wawili. Hata hivyo alishikilia kwamba Mkatanga hupiga peke yake akatosheka, ilhali omutibo humtaka mtu wa kuujibu.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Alianza kunichukua miaka ya tisini mwanzoni, nilipomaliza shule na kukosa kazi. Aliniita Mjomba kama nilivyomwita, ndivyo tulivyozoea, na watu kwenye stendi tulipopigia wakatuita Wajomba.

Chombo changu kilikuwa chupa ya Fanta ya zamani, ile ya kioo yenye pete pete mwilini. Unaishika kwa mkono wa kushoto kwa namna ambayo kiganja hakiizibi, maana ukiikumbatia inakufa sauti. Mkono wa kulia una msumari mnene. Msumari ukishuka kwenye zile pete unakwaruza, ukipanda unakwaruza kwa wepesi zaidi, na kati ya kushuka na kupanda kuna pigo moja kwenye bega la chupa. Pigo hilo ndilo kila kitu. Ukiliwahisha, gitaa linakimbia. Ukilichelewesha, mwimbaji anaishiwa pumzi katikati ya mstari. Mjomba hakuwahi kunifundisha kwa maneno. Alikuwa akinitazama tu kidole chake gumba kinapoanguka, mpaka nikajua kwamba hapo ndipo ninapotakiwa kuwa. Gitaa lake lilikuwa kavu, halijui umeme, limefungwa penseli na mpira shingoni ili kupandisha sauti ilingane na koo lake. Waya ukikatika tulitafuta waya wa breki ya baiskeli.

Tulianzia kwenye stendi ya mabasi ya mashambani, ile inayoitwa Machakos, ambapo mabasi ya kwenda Kakamega na Busia yalijaa jioni. Abiria wa magharibi anayesubiri basi ni msikilizaji asiye na mfano. Amechoka, ana mizigo, moyo wake umeshatangulia nyumbani, na ghafla anasikia lugha ya mama yake ikiimbwa. Walikuwa wakija karibu. Ilibidi waje karibu, kwa sababu gitaa kavu halivuki barabara. Mduara ulikuwa unatubana kiasi kwamba niliweza kuona vifundo vya kamba za viatu vyao, na wao waliona msumari wangu ukipanda na kushuka. Mama mmoja akianza kuyumbisha mabega, chupa ilimfuata yeye, gitaa likafuata chupa. Wakati mwingine wimbo uliongezeka beti ambazo Mjomba hakuwa amezitunga alipotoka nyumbani, kwa kuwa mtu fulani kwenye mduara alikuwa amemtajia marehemu wake na Mjomba akamtia humo humo. Sarafu ziliangukia kofiani: kobole ya shilingi tano, ashu ya kumi, mara moja moja mbao ya ishirini. Mtu aliinama, akaweka, akainuka, akatutazama usoni. Sijui kama wasomaji wachanga wanaelewa jinsi hilo la kuinama na kutazamana lilivyokuwa sehemu ya muziki wenyewe.

Baadaye tulihamia mbele ya jengo la Hifadhi ya Nyaraka, mtaa wa Moi, pale Nairobi nzima husema tukutane Archives. Pana kila kitu pale: wahubiri, wachekeshaji, wauza dawa, watu wanaosubiriana. Tulipoambiwa tusogee tulisogea, tukarudi kesho yake. Shida yetu kubwa ilikuwa kelele. Matatu zilikuwa zimeanza kubeba muziki mzito, maduka ya kanda yalikuwa yametoa spika hadi mlangoni, na mhubiri wa karibu nasi alikuwa na kipaza sauti. Mduara wetu ukapungua. Watu walituona midomo ikicheza, hawakutusikia.

Ndipo Mjomba akanunua spika. Ilikuwa ya kuchaji, ya kuvutwa kwa magurudumu, ina tundu la gitaa na la maikrofoni na sehemu ya kuchomeka flashi. Siku ya kwanza tulifurahi wote wawili, na sauti yake ilivuka barabara ikarudi. Lakini chupa ilipokaribia maikrofoni ilitoka kama sahani zinazovunjika. Fundi aliyetuuzia akasema suluhisho ni rahisi, atutilie ngoma kwenye flashi. Akatutilia. Ngoma ile haikukosea hata mara moja, na hapo ndipo penye ubaya wake. Haikumfuata mama aliyeyumbisha mabega, haikungoja Mjomba alipotaka kuongeza beti kwa ajili ya marehemu wa mtu. Mjomba akawa anaifuata yeye. Mimi nikabaki kushika kofia na kulinda spika.

Nalisema hili wazi kwa sababu wengi hulaumu mambo mengine. Husema askari, husema serikali, husema vijana hawapendi tena vya nyumbani. Mimi nilikuwepo, na naamini kilichotubadilisha zaidi ni umbali. Spika iliwaruhusu watu kutusikia wakiwa ng'ambo, na aliye ng'ambo hana sababu ya kuvuka. Anasikia, anatikisa kichwa, anaenda zake. Mduara ukawa nusu mduara, kisha ukawa mstari wa wapita njia. Na wakati ule ule, mimi na Mjomba tuliacha kusikilizana, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa akisikiliza spika.

M-Pesa ilianza Machi 2007, nasi tulichelewa kuiingiza katika kazi yetu. Hatimaye tuliandika namba kwenye kipande cha katoni tukakiegemeza kwenye spika. Nilitarajia kuichukia. Tayari watu walikuwa hawainami, sasa hawatasimama kabisa, nilijiambia. Ikawa kweli kwa kiasi fulani: kijana anapita, anasoma namba, anatembea huku anabonyeza, na simu ya Mjomba inalia mfukoni kijana mwenyewe ameshafika kona.

Lakini kuna jambo ambalo kofia haikuweza kulifanya. Ujumbe wa pesa huja na jina. Kwa miaka yote ya sarafu hatukujua nani alitupa. Sasa usiku, chumbani Kawangware, Mjomba alikuwa akiniambia nimsomee. Nilisoma majina mamoja mamoja, yeye ameketi kitandani gitaa mapajani, na kwa kila jina alisema, “Huyu ni wa kwetu,” au, “Huyu Mkamba, ametusikiliza nini?” Majina mengine aliyarudia polepole kana kwamba anayahifadhi. Jioni moja ilifika pesa, na muda mfupi baadaye mtu yule yule akapiga simu. Alikuwa amepita Archives kutwa hiyo akiwa njiani kuchukua mwili wa babake hospitali. Babake alikuwa mpenzi wa Mukabi. Je, tungeweza kwenda Khwisero Ijumaa, lakini bila spika, kwa sababu mzee asingeipenda?

Tulikwenda na gitaa kavu na chupa. Usiku ule wa matanga, mikono yangu ilikuwa mizito mwanzoni, lakini kidole gumba cha Mjomba kilipoanguka nilikuwa pale ninapotakiwa. Wazee walisogeza viti. Tulipiga hadi jogoo, na Mjomba akatunga kwa kila aliyemtaja marehemu. Kuanzia hapo simu zilianza kutuita: matanga, arusi, sherehe za kurudi kwa watoto kutoka ng'ambo. Mtaa haukuwa tena mahali pa kulipwa, ukawa mahali pa kuonekana ili tuitwe. Watoto wa mjini walianza kutupiga picha za video pia, na nyingine zilifika mbali kuliko tulivyowahi kufika sisi.

Machi 2020 corona ilifunga kila kitu, mikusanyiko ikakatazwa, kafyu ikaingia. Mjomba akarudi Khwisero na hajataka kurejea mjini. Miguu yake haisimami tena muda mrefu, ila vidole vyake bado vizima.

Aliyenirudisha Archives ni binti yake. Alijifunza gitaa kwa babake wakati wa kufungiwa, miezi ile watu wa nyumba moja walipokuwa wakitazamana tangu asubuhi, na alipokuja Nairobi kutafuta kazi aliniambia, “Kaka, leta chupa. Flashi siitaki.” Ana spika, ndogo ya kubebwa begani, kwa kuwa kelele za mtaa hazijapungua na hawezi kuimba bila msaada. Lakini anaielekeza chini, ameifungua nusu, na chupa tunaiweka mbali na maikrofoni, urefu wa mkono. Kwa hiyo anayetaka kunisikia mimi inambidi asogee. Wanasogea. Wengi ni vijana ambao hawajui Kikisa, wanakuja kwanza kuangalia kile kinachokwaruzwa.

Chupa zenyewe zimeadimika. Soda nyingi siku hizi ni za plastiki, na za kioo tulizozipata zilikuwa laini mwilini, msumari unateleza. Niliyo nayo nimeinunua kwa mwenye duka la zamani aliyekuwa amehifadhi kreti stoo, na alinitoza pesa zinazozidi dipoziti yake mara nyingi. Nililipa bila kubishana.

Sasa binamu yangu ana wazo la kuongeza chupa ya pili yenye maji kidogo ndani, igongwe tu, isikwaruzwe, ili sauti zijibizane. Babake amesikia kwa simu akasema mbona tumekawia. Mimi bado nina shaka kwamba mikono yangu miwili itaziweza zote. Yeye anataka tumtafute mtu wa tatu. Jumamosi hii tutazijaribu pale pale, watu wakiwa wamesimama, maana nyumbani huwezi kujua.