Watu Wawili na Mbwa Mmoja Wavuka Marekani kwa Motokaa

Mnamo Mei 1903, katika klabu moja mjini San Francisco, mabwana kadhaa walikuwa wakisema kwamba motokaa ni kitu cha kuchezea mjini tu. Daktari Horatio Nelson Jackson, mwenye umri wa miaka 31, aliwapinga, akaweka dau la dola 50 kwamba atafika New York kwa motokaa kabla ya siku 90 kwisha.

Jambo hilo halikuwa dogo. Wakati ule nchi nzima ilikuwa na maili 150 hivi tu za barabara zilizosakafiwa, nazo zilikuwa mijini. Daktari akanunua motokaa ya Winton iliyokwisha kutumika, yenye nguvu za farasi 20, isiyo na paa wala kioo cha mbele. Akamchukua fundi Sewall Crocker, na tarehe 23 Mei wakaondoka. Mkewe alirudi Vermont kwa gari la moshi.

Hawakwenda mashariki moja kwa moja, kwa sababu mwaka 1901 Bwana Alexander Winton mwenyewe, mtengenezaji wa motokaa zile, alikwama katika mchanga wa Nevada. Walizunguka kaskazini, wakapanda milima ya California na kuingia Oregon kwa njia za magari ya farasi, zenye mawe na makorongo. Mipira ilipasuka, na vyombo vya kupikia vikaanguka njiani. Mwanamke mmoja aliwapoteza maili zipatazo 100. Kumbe alitaka tu jamaa zake waione motokaa!

Walipofika Idaho, nchi ya mto Snake, daktari alinunua mbwa kwa dola 15, akaitwa Bud. Vumbi la magadi lilimwumiza macho, basi naye akavalishwa miwani kama mabwana zake. Muda si muda alizoea kukaa mbele akitazama njia, akijikaza kabla ya kila shimo. Daktari alisema baadaye kwamba katika wasafiri wale watatu, Bud peke yake hakutamka tusi safari nzima.

Taabu iliyozidi ilikuwa Wyoming, katika milima ya Rocky. Mvua zilinyesha, vijito havikuwa na madaraja, na mara nyingi gari lilitolewa topeni kwa kapi na kamba. Walishinda saa 36 bila chakula, hata mchungaji wa kondoo alipowakirimu nyama na mahindi. Gololi za gurudumu zilipoharibika, Crocker alimsihi mkulima mmoja ampe za mashine yake ya kukatia majani, naye akakubali.

Tarehe 12 Julai waliingia Omaha, na kutoka hapo njia zikawa afadhali. Wakafika New York tarehe 26 Julai, baada ya siku 63 na saa 12 na nusu. Daktari alikuwa ametumia dola 8,000, wala hakudai zile 50 za dau.

Motokaa ile, ambayo daktari aliitoa mwaka 1944, imehifadhiwa pamoja na miwani ya Bud katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Safari yao ilionyesha kwamba upungufu haukuwa katika motokaa, bali katika barabara na madaraja. Mwaka 1916 serikali kuu ya Marekani ilipitisha sheria ya kusaidia majimbo kujenga barabara. Lakini mwaka 1903, pasipo daraja, msafiri alivushwa na kamba yake na ukarimu wa mchungaji na mkulima.