Chumba 217 na mhudumu asiyejulikana jina

Ukimwomba mkazi wa Nairobi akuelekeze Hoteli ya Stanley, msomaji mpenzi, atakupeleka kwenye ile iliyo pembeni mwa barabara za Kimathi na Kenyatta, iliyopewa jina la msafiri Henry Morton Stanley. Safari yetu Jumapili hii haiendi huko. Inavuka bahari hadi mji mdogo wa Estes Park, jimbo la Colorado, Marekani, ambako pana Stanley nyingine, nyeupe pepepe yenye paa jekundu, imekaa mlimani kama bibi harusi anayesubiri picha. Hiyo ndiyo inayosemekana kujaa mizuka.

Mwenyewe aliyeijenga aliitwa Freelan Oscar Stanley, wala hakuwa na udugu wowote na yule msafiri. Yeye na pacha wake, Francis, walitajirika kwa kutengeneza vioo vya kupigia picha, kisha kwa kuunda magari yaliyoendeshwa kwa mvuke, yaani maji yakichemshwa ndani ya gari kama katika garimoshi la zamani. Mwaka 1903 Freelan alikuwa akiugua kifua kikuu. Siku hizo dawa ya ugonjwa huo haikuwepo, na mgonjwa mwenye uwezo alishauriwa kufuata hewa kavu ya milimani. Estes Park iko takribani mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kimo kisichopishana sana na cha Limuru. Hewa ilimkubali. Bwana huyo aliishi hadi mwaka 1940, akafariki akiwa na umri wa miaka 91.

Hoteli aliifungua tarehe 4 Julai, 1909. Ilikuwa na stima tangu mwanzo, kwa sababu Stanley alijenga mtambo wake wa kuzalisha umeme kwa nguvu za maji ya mto. Lakini umeme huo ulikuwa ukikatika (mambo haya sisi hatuhitaji kuelezwa), kwa hivyo kukawekwa pia taa za gesi za akiba.

Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanzia. Usiku wa tarehe 25 Juni, 1911, stima zilipotea na watumishi wakatumwa kuwasha taa za gesi. Gesi ilikuwa imevuja, bila mtu kujua, ikajaa katika chumba nambari 217. Mhudumu wa vyumba akaingia na moto mkononi. Mlipuko uliobomoa sehemu ya jengo ulimtupa chini, hadi kwenye ukumbi wa kulia chakula. Alivunjika miguu kwenye vifundo, lakini hakufa.

Sasa tega sikio. Leo hii anatajwa sana kwa jina la Elizabeth Wilson. Hata hivyo, magazeti ya wakati ule yaliyoandika habari za mlipuko huo hayakuafikiana juu ya jina la mwanamke huyo. Hili lilimwita hivi na lile vile. Jina la mwenye hoteli lilijulikana na kila mtu. Kuhusu aliyevunjika miguu akimwashia mgeni taa, hakuna aliyejishughulisha kuuliza vizuri.

Masimulizi ya hotelini yanadai kwamba Stanley alimlipia matibabu, akarudi kazini, akatumika miaka mingi. Na baada ya kufa, eti bado anatumika! Mgeni wa chumba 217 huambiwa asishtuke akikuta nguo zake zimekunjwa na masanduku yamepangwa. Wachumba wasiofunga ndoa nao huonywa kwamba mama huyo huja akalala katikati yao. Nashuku hilo lilitungwa na mzazi fulani.

Mizuka mingine iko. Husemwa kwamba mkewe Stanley, Flora, hupiga kinanda usiku katika ukumbi wa muziki, na kwamba watoto husikika wakicheka na kukimbia kwenye ghorofa ya nne. Chumba 401 kimegawiwa Lord Dunraven, mkuu kutoka Ireland ambaye katika miaka ya 1870 alijaribu kuitwaa Estes Park nzima iwe uwanja wake wa kuwinda, akitumia watu wa kusingizia kuandikisha ardhi. Mbinu hiyo msomaji wa Kenya anaitambua bila mkalimani. Dunraven aliondoka bondeni humo miaka mingi kabla ya hoteli kujengwa, lakini mnyakuzi ni mnyakuzi, hata akiwa mzuka atajitafutia chumba.

Umaarufu wa dunia nzima ulikuja mwaka 1974. Hoteli haikuwa na vipasha joto vya kutosha, hivyo ilifungwa kila majira ya baridi. Mwandishi Stephen King na mkewe waliwasili mwishoni mwa msimu, wakajikuta karibu peke yao katika jengo zima lenye viti vilivyokwisha kupinduliwa juu ya meza. Walilala 217. Usiku King aliota mwanawe mdogo akikimbizwa ushorobani na mpira wa zimamoto, akaamka jasho likimtoka. Ndoto hiyo ikazaa riwaya yake The Shining, iliyotoka mwaka 1977. Filamu ya mwaka 1980 haikupigwa hapo, ila ile ya televisheni ya mwaka 1997 ilipigwa papo hapo.

Hoteli iliyokaribia kuchakaa ikapata riziki mpya. Watalii hulipia matembezi ya usiku ya kutafuta mizuka, na chumba kinachogombewa kuliko vyote ni hicho hicho 217. Ikiwa utapata nafasi ya kulala humo na alfajiri ukute viatu vyako vimepangwa sawasawa mlangoni, usikimbie. Mshukuru mama wa watu, kisha umwulize jina lake.