Pumzika, Mzee

Katika maneno ya Kiswahili hapana mengi yaliyo mepesi kinywani na yenye huruma kama neno pumzika. Mgeni afikapo huambiwa apumzike. Mkulima arudipo shambani huambiwa apumzike. Hata marehemu, akiisha kufukiwa, husemwa kuwa amepumzika. Asili ya neno ni pumzi, na yaelekea mtu wa kwanza aliyelitamka alikuwa kapanda mlima na mzigo kichwani, akataka kusimama kidogo avute hewa. Neno hilo, pamoja na wema wake wote, lilikaribia kumwua mzee mmoja wa Litapunga.

Litapunga ni kata ya Nsimbo, katika mkoa wa Katavi, nchi ya miyombo, asali na tumbaku. Tumbaku ya huko hukaushwa kwa moto. Majani hufungwa katika vijiti, vijiti hupangwa ndani ya bani, kisha kuni huchomwa usiku na mchana kwa muda wa juma zima au karibu yake, na joto huongezwa kwa kipimo, maana likizidi jani huungua, likipungua huoza. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukesha na moto. Mzee huyu alikesha nao zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa na mizinga yake porini vilevile, na mrina asali hana silaha juu ya nyuki ila moshi. Na jioni, kazi zikiisha, alivuta sigara alizozisokota kwa tumbaku ileile aliyoikausha. Moshi ulimfikia kwa njia tatu, na kifua kilikuwa kimoja.

Kikohozi kilianza kuwa cha asubuhi, kikawa cha siku nzima, kisha pumzi ikafupika. Makohozi yake yalipimwa zaidi ya mara moja, wala kifua kikuu hakikuonekana. Ulikuwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani liliuhesabu kuwa wa tatu kwa kuua watu duniani, ukitanguliwa na magonjwa ya moyo na kiharusi tu. Walakini vijijini ugonjwa huo hauna jina, na ugonjwa usio na jina huazimwa jina la jirani yake. Watu walisema ni kifua kikuu. Kikombe chake kikatengwa. Mtu mmoja au wawili walinong'ona habari za uchawi, wakaacha kunong'ona, wakasema.

Yafaa msomaji ajue ugonjwa huu hufanyaje kazi, kwa sababu ndani yake mna hila. Mapafu ya mgonjwa hayashindwi sana kuvuta hewa kama yanavyoshindwa kuitoa. Njia zimekuwa nyembamba, na hewa iliyokwisha tumika hubaki imenaswa ndani, hata ile mpya ikakosa pa kuingia. Mtu akiharakisha kupumua huzidi kuinasa. Naye huharakisha kwa nini? Kwa sababu ana hofu. Na ana hofu kwa sababu pumzi haitoshi. Mapafu na moyo hutishana hivyo mpaka mgonjwa anayetoka kitandani kwenda mlangoni huona kama atakata roho kizingitini. Aliyepatwa na hofu hiyo mara tatu hataki kuijaribu mara ya nne. Huketi.

Na mzee aliketi. Wanawe, ambao hapana awezaye kuwalaumu, walimpokonya jembe kwa adabu: "Baba, pumzika." Mizinga akapewa mpwawe. Majirani wapitao walisema, "Shikamoo mzee, pole, pumzika." Aliletewa maji ya kuoga, akaletewa chakula, mwisho akaletewa hata habari, maana hakuweza tena kuzifuata. Miguu isiyotembea hunyauka, na mguu mnyonge hutaka hewa nyingi zaidi kwa hatua ileile. Basi kila siku aliyopumzika ilimpunguzia pumzi ya siku ya pili yake. Mwaka ulipotimia, mwembe uliokuwa hatua arobaini tu mbele ya nyumba ukawa safari.

Lililomuumiza zaidi ni mazishi. Mtu mzima asiyekwenda kuzika, katika nchi ile, amejitoa katika hesabu ya watu. Alikosa la kwanza akaomba radhi, akakosa la pili akatuma mtoto, na la tatu hakuna aliyemtazamia. Akaanza kulala mchana na kukesha usiku, kama zamani za bani, bila moto wa kulinda. Alisema kidogo, akala kidogo. Siku hizi wataalamu huiita hali hiyo sonona, na wamechagua vema, kwa maana kusonona ni neno la zamani la maumivu ya ndani yasiyo na jeraha. Nyumbani kwake walisema uzee umemwingia.

Haifai kuwacheka watu wa Litapunga. Waganga wenye shahada nao waliamini hivyo kwa muda mrefu. Katika zama ilipoanzishwa hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka wa 1926, wagonjwa wa kifua duniani kote walitibiwa kwa kulazwa na kutulizwa, na dawa ya kuua vijidudu vya kifua kikuu haikuwapo bado. Wenye pumzi fupi nao waliambiwa wasijichoshe. Mwaka wa 1952 daktari wa Marekani, Alvan Barach, aliandika kuwa huenda wakafaidiwa na kutembezwa, na miaka mingi ikapita kabla ya wengi kukubali. Hapa kwetu Afrika Mashariki ushahidi mzuri ulitoka Kampala, katika hospitali ya Mulago, ambako watu waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu mabovu walifanyishwa mazoezi mara mbili kwa juma, kwa majuma sita, pamoja. Habari zao zilichapwa mwaka wa 2017: walitembea mbali zaidi kuliko walivyoanza. Hawakupewa mapafu mapya. Na neno "pamoja" lisipitwe upesi, kwa kuwa mtu anayehema peke yake huona haya, lakini wakiwa kumi huulizana habari.

Litapunga hapakuwa na kikundi. Palikuwa na mganga wa zahanati, aliyempa mzee dawa ya kuvuta kwa mdomo, ikasaidia kiasi, akamkataza sigara, kisha akamfunza mambo mawili. La kwanza, atoe pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu apozaye uji. La pili, atembee kila siku mpaka ahemewe, asimame, apoze uji wake, aendelee.

Nyumbani hakuna aliyeweza kumsimamia. Heshima iliwazuia: mwana hawezi kumwambia baba yake aongeze mwendo. Aliyeweza ni mjukuu, mtoto wa kike wa miaka saba, kwa haki ya utani. "Mume wangu," alimwambia, "mbona wakaa kama gunia?" Akamshika mkono mpaka mwembeni. Mzee alipotweta, mtoto hakusema pole, alisema, "Poza uji." Mwembe ukafuatwa na kisima, na kisima na njia panda. Usingizi wa usiku ulirudi kabla ya nguvu za miguu.

Mwezi wa tatu alifariki rafiki aliyekuwa akitundika naye mizinga. Mzee aliondoka nyumbani mapema kuliko wote, na mtoto wake mkononi, akafika kaburi likiwa linafukiwa. Kijana mmoja alimletea kigoda. "Shikamoo babu. Pumzika." Akaitikia salamu, akakiacha kigoda, akaegemea mkongojo akipoza uji usioonekana mpaka zamu yake ikafika. Akainama kwa taabu, akachota udongo, akautia.

Kurudi kulichukua alasiri nzima. Penye njia panda mtoto alichoka, akataka kubebwa. Mzee akamwambia apumzike.