HALELUYA NA DENI LA MBOLEA

Wahenga walinena, tembea uone. Mimi nilitembea Desemba iliyopita, na niliyoyaona sijamaliza kuyasimulia hadi leo.

Baba yangu ni mkulima mdogo wa majani chai huko Mogogosiek, Bomet. Alipopokea bonasi ya chai, nilimwomba nauli ya kwenda Nairobi na kwaya ya kanisa letu kusikiliza okestra. Alinitazama kama aliyeambiwa auze ng'ombe. "Kijana wangu, deni la mbolea bado, karo bado. Huko kuimba kutalipa nini?" Nilikosa jibu. Mama ndiye aliyenitetea mpaka Baba akalegea.

Tuliondoka alfajiri, mashamba ya chai yakiwa bado yamejifunika ukungu. Tukapitia Narok, tukapanda ule mteremko mkali wa Mai Mahiu, na jioni tukawa tumeketi katika Kanisa Kuu la All Saints. Nairobi Orchestra na kwaya kubwa walikuwa tayari kutupigia Messiah, kazi ambayo George Frideric Handel aliitunga kwa siku 24 tu mwaka wa 1741.

Kwetu tunaimba Haleluya yake kwa do-re-mi za ubaoni, sauti nne bila ala hata moja. Hapa fidla zilikuwa zikijibizana kama wachumaji chai wanaoitana mistarini. Lakini aliyenishangaza ni jamaa wa ngoma. Zaidi ya saa nzima alikaa kitako, mikono mapajani, hajagonga hata mara moja! Nikamnong'oneza mwenzangu, "Huyu naye amekuja kupumzika?"

Mara watu wote wakasimama. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kutafuta kofia yangu. Kumbe ni desturi, Haleluya ikifika watu husimama. Kwaya ikapaza sauti, tarumbeta zikadakia, na yule jamaa akainua vijiti vyake. Lo! Ngoma ile niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Wimbo niliodhani naujua tangu utotoni, kumbe niliujua nusu. Karibu na mwisho wote walinyamaza ghafla, kanisa zima kimya, kisha Haleluya ya mwisho ikashuka taratibu. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Tukirudi, mwalimu wa kwaya alitusimulia kwamba Messiah ilipoimbwa mara ya kwanza mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, mapato yaligawiwa hospitali mbili na wafungwa wa madeni. Watu 142 walilipiwa madeni yao wakatoka gerezani.

Nilimkuta Baba jikoni akiota moto. "Haya, kuimba kumelipa nini?" Nikamweleza habari za wale 142. Alinyamaza kitambo, kisha akacheka. "Wangu wa mbolea hawasamehi kwa wimbo. Lakini hebu niimbie hiyo sauti yako."

Nikamwimbia besi peke yangu, bila tarumbeta wala ngoma. Nilipofika pale pa kunyamaza, nikanyamaza. Baba hakusema kitu. Naye alikuwa anangoja.

Wanachama wenzangu, kwaya ya shule bado ina upungufu wa besi. Msituachie watatu tu! Kiswahili kitukuzwe.